Kupotea si Kuoza: Namna ya Kupima Nanoselulosi ya Mkonge Udongoni

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho maswali huwa yale yale. "Nimetengeneza filamu ya nanoselulosi ya mkonge, nathibitishaje kuwa inaoza?" "Nimeifukia wiki tatu, nilipofukua sikukuta kitu. Si imeoza?" Na lile la tatu, ambalo huja na kicheko kidogo: "Kitu kimetoka kwenye mmea, kitamdhuru nani?"

Mwongozo huu ni jibu la yote matatu. Ni wa mwanafunzi, fundi wa maabara, au mjasiriamali mwenye karatasi au kifungashio cha nyuzi nano anayetaka kusema bidhaa yake inaoza na haidhuru shamba, bila kuogopa kuulizwa amejuaje. Kazi inafanyika kwa vifaa vya maabara ya kawaida ya kemia. Huhitaji hadubini ya elektroni. Unahitaji subira ya miezi mitatu, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Nadharia ni kidogo. Takriban theluthi mbili ya nyuzi za mkonge ni selulosi. Kinachobaki ni hemiselulosi, lignini na vinginevyo. Ukizipika kwa kostiki soda, ukazing'arisha, kisha ukazisaga kwa mashine yenye nguvu, unapata nyuzi nano: unene wa makumi machache ya nanomita, urefu wa maikromita kadhaa. Ukizitia kwenye asidi ya salfyuriki ya asilimia 64 badala ya kuzisaga, unapata fuwele nano, ambazo ni fupi zaidi. Vyote viwili ni selulosi, na selulosi ina walaji wengi udongoni. Bakteria na kuvu hutoa vimeng'enya vinavyoikata hadi kuwa glukosi, wanaila, kisha wanatoa hewa ya ukaa wanapopumua. Hewa hiyo ndiyo ushahidi wako.

Filamu kutoonekana si ushahidi. Filamu ya nanoselulosi ikilowa huvimba, hulegea, na mara nyingi humeguka kurudi kuwa nyuzi zilezile ulizoanza nazo, ambazo hukuwahi kuziona kwa macho. Hapo imepotea, haijaoza. Kazi yote inayofuata imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Je, kipimo hiki kinakuhusu?

Kinakuhusu kama kitu chako kimejengwa kwa kaboni ya mmea: selulosi, hemiselulosi, wanga, lignini. Malighafi si lazima iwe mkonge. Mgomba, bagasi ya miwa au mabua ya mahindi yote yanakubalika.

Hakikuhusu kama umetengeneza chembe nano za madini ya fedha kwa maji ya majani ya mwarobaini. Najua miradi ya aina hii ni mingi na inaitwa "ya kijani". Lakini mwarobaini pale umefanya kazi ya kubadilisha ioni za fedha kuwa chembe, basi. Kilichobaki mkononi ni metali, na metali haiozi. Tena hutoa ioni zinazoua bakteria, wakiwemo wale wa udongoni unaowategemea. Ukichanganya fedha au oksidi ya zinki ndani ya filamu ya mkonge ili isiote ukungu, umetengeneza kitu kingine kabisa, na ni lazima ukipime na kukitangaza hivyo.

Vitu vya kuandaa

Chupa 15 za kioo za lita 1 zenye mfuniko usiopitisha hewa. Chupa za jemu zinafaa kama mpira wa mfuniko bado mzima. Kwa kila chupa, bika moja ya mililita 50.

Mizani inayosoma hadi gramu 0.001, ovena ya nyuzijoto 105, bureti, pipeti ya mililita 20, kipima pH, na kipimajoto cha chumba.

Kostiki soda ya molari 0.5 (gramu 20 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa), asidi ya haidrokloriki ya molari 0.5, kloridi ya bariamu ya molari 1, na fenolfthaleini. Kostiki si lazima iwe sahihi kabisa, kwa sababu utalinganisha chupa kwa chupa. Asidi ndiyo lazima ujue molari yake hasa.

Karatasi ya kuchujia isiyo na kemikali, au pamba ya hospitali. Hii ni ya kulinganishia. Watu hupenda kukata kipande cha kanga kuukuu. Usifanye hivyo mpaka uwe umechoma uzi wake. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu, ndani mna poliesta.

Udongo wa shamba kilo 5, chekeche la tundu la milimita 2, na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kiganja kimoja. Mbegu za mchicha na za mtama. Nyungunyungu 60 wazima, kama utafika hatua hiyo.

Barakoa ya N95 au FFP2, glavu na miwani ya maabara.

Mapafu yako kwanza

Sehemu hii isiruke. Katika majaribio ya panya, fuwele za selulosi zilizoingizwa mapafuni zilisababisha uvimbe. Zile zilizoliwa na panya kwa kiasi kidogo hazikuonyesha madhara makubwa. Maana yake kwako ni kwamba hatari iko kwenye vumbi, haiko kwenye uji mzito uliomo kwenye beseni. Waliofanya kazi kwenye vyumba vya kupiga brashi nyuzi katika viwanda vya mkonge vya Tanga hawahitaji kuelezwa kuhusu kikohozi cha vumbi la mmea, na wafanyakazi wa viwanda vya pamba wana ugonjwa wao wa kifua unaobana zaidi siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Pamba na mkonge ni mimea mitupu.

Kwa hiyo: weka kazi yako ikiwa mbichi kadiri inavyowezekana. Usisage filamu kavu kwenye blenda wala kwenye kinu. Ikate kwa mkasi. Poda iliyokaushwa kwa kugandishwa ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inapaa hata ukifungua mfuniko taratibu. Ifungue ndani ya kabati la moshi tu. Barakoa ya kitambaa na ile ya upasuaji hazifai kwa kazi hii. Meza futa kwa kitambaa kilicholowa, usifagie.

Ukitengeneza kostiki, tia kostiki kwenye maji, kamwe usitie maji juu ya kostiki. Kloridi ya bariamu ni sumu ikimezwa: isikae karibu na chai yako, na mabaki yake yasiingie kwenye sinki. Yakusanye kwenye galoni yenye lebo umkabidhi msimamizi wa maabara.

Hatua kwa hatua

1. Andika kila kitu kilichoingia kwenye sampuli. Uliipika kwa nini, uliing'arisha kwa nini, uliongeza gliserini kiasi gani ili isikatike, ulitumia gundi au kiunganishi gani. Andika hata kile unachodhani kilioshwa kikaisha. Sampuli ikishindwa kuoza, au mbegu zikifa, jibu karibu kila mara limo kwenye orodha hii. Selulosi haina makosa mengi. Makosa yapo kwa tulichoitia. Ukiibadilisha kwa asetiki anhidridi ili isinywe maji, umeifanya iwe ngumu kuliwa pia, na kadiri ulivyoibadilisha zaidi ndivyo itakavyochelewa. Glutaraldehaidi, inayotumika kama kiunganishi, huua vijidudu. Sabuni za aina ya CTAB nazo huua.

2. Osha. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa mpaka pH ya maji yanayotoka ilingane na ya yale uliyoyatia. Fuwele zilizotengenezwa kwa asidi zinahitaji dialisisi (kuoshwa ndani ya mfuko wa utando uliozamishwa majini) ya siku kadhaa, na hapo hakuna njia ya mkato. Kama uling'arisha kwa jiki, hakikisha hakuna harufu iliyobaki kabla ya kugusa asidi yoyote. Jiki na asidi zikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo haikupi nafasi ya kujifunza.

3. Pima ukavu wake halisi. Kama ni filamu, kausha kipande kwenye ovena kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, upate asilimia ya maji. Kama ni uji, fanya vilevile kwa gramu 10. Uji wa asilimia 2 una gramu 0.3 za nyuzi ndani ya gramu 15, na gramu 14.7 zinazobaki ni maji. Maji hayo utayahesabu kwenye hatua ya 5. Usipoyahesabu utazamisha udongo, walaji wako watakosa oksijeni, kisha utaandika kwenye ripoti kwamba nanoselulosi haiozi.

Kipande ulichokikausha ovenani usikitumie kwenye kipimo. Selulosi ikikauka kwa joto hushikana, na haitakuwa ile uliyotengeneza.

4. Chukua udongo. Sentimita 10 hadi 15 za juu, shamba lisilopigwa dawa wala kuwekwa samadi karibuni. Toa mizizi na mawe, pitisha kwenye chekeche la milimita 2. Usiuanike juani! Jua linaua wale wale unaowahitaji. Udongo wa bustani wa dukani usiutumie, wala kifusi chekundu cha chini kilichochimbwa kwenye msingi wa nyumba. pH iwe kati ya 6 na 8. Uache kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa, ukiwa na unyevu kidogo, wiki nzima kabla ya kuanza, ili ile fujo ya kuchimbwa na kuchekechwa itulie.

5. Pima udongo unashika maji kiasi gani. Weka gramu 50 za udongo mkavu kwenye faneli yenye karatasi ya kuchujia, mwagia maji mpaka yatiririke, funika, acha usiku kucha, pima tena. Tuseme umegundua gramu 100 za udongo zinashika gramu 40 za maji. Nusu yake ndiyo unayoitaka: gramu 20. Udongo wa kichanga wa pwani unashika maji kidogo kuliko huu. Usinakili namba zangu.

6. Panga chupa. Makundi matano, chupa tatu kwa kila kundi:

- chupa tupu, zenye bika ya kostiki peke yake;
- udongo mtupu, gramu 100 kwa uzito mkavu;
- udongo na gramu 0.300 za karatasi ya kuchujia au pamba;
- udongo na gramu 0.300 za sampuli, kwa uzito mkavu;
- udongo na kile ulichokiongeza peke yake, kwa kiasi kilekile kilichomo kwenye sampuli.

Kundi la tano watu huliruka, nami nalishikilia kuliko yote. Chukulia filamu yako ina robo gliserini. Bakteria watafanya kama mtoto aliyepewa pilau: atachagua nyama kwanza, wali autazame baadaye. Gliserini italiwa siku za mwanzo, hewa ya ukaa itapanda, nawe utashangilia wakati nyuzi hazijaguswa. Ukiwa na chupa za gliserini peke yake, unatoa sehemu yake na kubaki na ukweli.

Kata sampuli na karatasi vipande vya milimita 5 kwa 5, changanya na udongo vizuri. Kisha tia kwenye kila chupa yenye udongo, hata ile ya udongo mtupu, mililita 1 ya maji ya SA yaliyotengenezwa kwa gramu 1.9 katika mililita 100. Hiyo ni takriban miligramu 4 za naitrojeni. Selulosi haina naitrojeni hata chembe, na walaji wakiikosa hufanya kazi kwa unyonge. Usibadilishe SA kwa yurea. Yurea ikivunjika hutoa hewa ya ukaa yake yenyewe na kuharibu hesabu. Malizia maji hadi kiwango cha hatua ya 5, ukitoa yale yaliyokuwamo tayari udongoni, yale yaliyokuja na uji, na maji ya SA.

7. Tega hewa ya ukaa. Weka bika yenye mililita 20 za kostiki ya molari 0.5, uliyoipima kwa pipeti, juu ya udongo ndani ya kila chupa. Funga haraka. Kostiki iliyoachwa wazi mezani hunywa hewa ya ukaa ya chumba, na ya pumzi yako.

Chupa zote zikae pamoja, kivulini, kwenye nyuzijoto 20 hadi 28 zisizoyumba sana. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi chumba kitapita hapo. Si mwisho wa dunia ilimradi chupa zote ziko pamoja na umeandika joto kila siku.

Badilisha kostiki mara mbili kwa wiki katika wiki tatu za mwanzo, kisha mara moja kwa wiki. Sababu si kostiki peke yake. Chupa ya lita 1 ina oksijeni isiyozidi mililita 210, na walaji wenye njaa wanaweza kuimaliza. Kila unapofungua, acha chupa wazi dakika 15 ipate hewa mpya. Pima uzito wake, na maji yaliyopungua yarudishe kwa tone.

8. Fanya titresheni, piga hesabu. Kwenye bika uliyoitoa tia mililita 5 za kloridi ya bariamu. Maji yatageuka meupe kama hewa ya ukaa ilinaswa. Tia matone mawili ya fenolfthaleini, kisha asidi taratibu mpaka rangi ya waridi ipotee. Karibu na mwisho nenda tone kwa tone ukitikisa, maana ukipitiliza asidi itaanza kula ule weupe.

Hesabu yenyewe:

hewa ya ukaa kwa miligramu = (asidi ya udongo mtupu − asidi ya sampuli) × 0.5 × 22

Mfano: chupa za udongo mtupu zimetumia wastani wa mililita 18.6, za sampuli 16.2. Tofauti ni 2.4. Zidisha kwa 0.5, kisha kwa 22: miligramu 26.4 kwa kipindi hicho. Jumlisha vipindi vyote kadiri unavyokwenda.

Gramu 1 ya selulosi ikiliwa yote hutoa gramu 1.63 za hewa ya ukaa. Gramu 0.3 hutoa miligramu 489. Miligramu 26.4 ni asilimia 5.4 ya hizo. Kwa gliserini tumia 1.43 badala ya 1.63. Kama sampuli ni mchanganyiko, kila sehemu ipige hesabu yake.

Chora jedwali na mchoro tangu wiki ya kwanza. Usisubiri mwisho.

9. Ukipenda, fukia pia vifuko. Shona vifuko vya neti ya nailoni, tia vipande, fukia sentimita 8 hadi 10, fukua kila baada ya wiki mbili, piga picha. Picha zinapendeza kwenye ripoti na mteja huzielewa. Lakini ziite "kumeguka", usiziite "kuoza".

10. Waulize mimea. Siku ya kwanza, katikati (wiki ya tatu hivi) na mwishoni, chukua gramu 10 za udongo wenye sampuli, tikisa na mililita 50 za maji kwa saa moja, chuja. Ili usivuruge chupa za hewa ya ukaa, tayarisha ndoo ndogo ya pembeni yenye mchanganyiko uleule. Weka mililita 5 za maji hayo kwenye sahani yenye karatasi ya kuchujia na mbegu 20. Sahani tatu za mchicha, tatu za mtama, na nyingine kama hizo zenye maji ya udongo mtupu. Mchicha una mbegu ndogo yenye akiba ndogo ya chakula, hivyo huonyesha dhara mapema. Mtama ni mvumilivu.

Mchicha usome baada ya siku 5. Hesabu zilizoota, pima mzizi wa kila mmoja. Zidisha asilimia ya kuota kwa wastani wa mzizi, gawanya kwa matokeo ya udongo mtupu, zidisha kwa 100. Ukipata zaidi ya 80, hakuna dalili ya sumu. Kati ya 50 na 80 kuna jambo. Chini ya 50, simamisha kazi urudi hatua ya 1 na ya 2.

Kipimo cha katikati ndicho kinachofichua mengi. Sampuli safi inaweza kuwa haina shida siku ya kwanza, kisha inapovunjika inaachia kile kilichokuwa kimefungwa ndani yake.

11. Waulize nyungunyungu. Chukua chombo cha plastiki, kigawe katikati kwa kadi: upande mmoja udongo wenye sampuli, wa pili udongo safi, unyevu sawa. Toa kadi, weka nyungunyungu 10 kwenye mstari wa katikati, funika kwa kitambaa. Baada ya saa 48 rudisha kadi, hesabu. Rudia kwa vyombo vitatu, na vingine vitatu vyenye udongo safi pande zote mbili. Wakibaki chini ya asilimia 20 upande wa sampuli, wamekukataa.

12. Jua lini usimame. Mchoro ukilala, yaani vipindi vitatu mfululizo havina ongezeko la maana, umemaliza. Kwa nyuzi zisizobadilishwa mara nyingi siku 60 hadi 90 zinatosha. Filamu zilizobadilishwa kikemia zinaweza kudai miezi sita.

Namna ya kusoma majibu

Anza na pamba au karatasi. Ikiwa haijafika asilimia 60, kipimo chote ni batili, hata kama sampuli yako imefanya vizuri. Tena ikiwa imefanya vizuri huku pamba imelala, jiulize mara mbili.

Usitegemee 100. Sehemu ya kaboni inabaki kuwa miili ya bakteria na kuvu wenyewe. Sampuli inayokwenda sambamba na pamba imefaulu. Wakati mwingine itaitangulia: mtafiti Klaus Kümmerer na wenzake walichapisha mwaka 2011 kwamba chembe nano za selulosi na wanga zilioza majini vizuri kuliko zile za ukubwa wa kawaida. Inaeleweka, eneo la kung'atwa ni kubwa zaidi. Kwa hiyo neno "nano" peke yake lisikutishe hapa.

Ukishapata namba, andika kile ulichopima: asilimia fulani, siku fulani, udongo fulani, joto fulani. Usiandike "inaoza popote". Ndani ya lundo la dampo kama la Pugu Kinyamwezi jijini Dar es Salaam, ambako oksijeni haifiki, selulosi hutoa methani pia. Baharini ni habari nyingine, na kipimo chake ni kingine. Vilevile kipimo cha mbegu hakisemi lolote kuhusu mapafu ya fundi atakayekata filamu yako kiwandani. Kama unapeleka bidhaa Ulaya kwa jina la kifungashio cha mboji, kiwango cha EN 13432 kinataka asilimia 90 ndani ya miezi sita, na maabara yenye ithibati. Kazi yako ya chupa 15 itakuonyesha kama inafaa kulipia huko.

Ikienda mrama

*Pamba haiozi.* Udongo umekufa au umekauka. Pima unyevu kwanza, kisha badilisha udongo; changanya wa mashamba mawili tofauti.

*Chupa za udongo mtupu zinatoa hewa nyingi mno.* Kuna mizizi au samadi. Chekecha upya, acha utulie wiki nyingine.

*Chupa tatu za kundi moja zinatofautiana sana.* Mfuniko mmoja unavuja. Paka mafuta ya mgando kwenye mpira, au badilisha chupa. Chupa tupu nazo zikionyesha hewa ya ukaa inayopanda kila kipindi, mifuniko yote ni mibovu.

*Sampuli inatoa hewa kidogo kuliko udongo mtupu.* Jibu hasi namna hii si kosa la hesabu kila mara. Huenda sampuli inaua walaji. Tengeneza chupa tatu zenye udongo, pamba na sampuli kwa pamoja. Pamba ikioza humo kama kawaida, sampuli ni ngumu tu. Pamba nayo ikigoma, sampuli ina sumu.

*Asilimia imepita 100.* Kuna kaboni hukuihesabu, kwa kawaida gliserini au wanga. Au walaji waliochangamshwa na sampuli wamegeukia mboji ya zamani ya udongo. Angalia kama pamba nayo imefanya hivyo.

*Udongo umegeuka mweusi, unanuka yai viza.* Maji yamezidi. Chupa hiyo haiokoki, anza upya.

*Utando mweupe wa kuvu juu ya vipande.* Waache, wako kazini.

*Mchoro umepanda haraka hadi asilimia 25 kisha ukalala.* Filamu yako ina robo ya kitu laini na robo tatu ya kitu kisicholiwa. Linganisha na kundi la tano.

*Mimea uliyoipanda kwenye makopo ya udongo wenye sampuli imekuwa njano, ingawa mbegu kwenye sahani ziliota vizuri.* Hapa wengi huandika "sumu". Mara nyingi ni njaa: bakteria wanaokula selulosi wameibeba naitrojeni yote ya udongo. Ongeza SA kidogo kwenye nusu ya makopo. Yakirudi kuwa kijani ndani ya wiki moja au mbili, sampuli haina kosa. Mwambie mkulima asubiri wiki chache kabla ya kupanda, au aongeze mbolea. Yasiporudi, chukua udongo wa makopo hayo, pima pH na chumvi yake, kisha fungua orodha uliyoiandika hatua ya 1.